Sura ya Saba: Anza na Ala

Anayekuuzia singe atakuonyesha bapa kwanza. Atalichomoa, aligeuze juani, apitishe kidole gumba ukingoni na kukuhakikishia kwamba chuma cha aina hii hakitengenezwi tena. Mnunuzi mgeni naye hukodolea macho hapo hapo. Ala imelala mezani, haina mtu wa kuitazama. Ushauri wangu ni kwamba mwache muuzaji amalize maneno yake, kisha uvute ala upande wako. Bapa likiwa la kweli, na mara nyingi ni la kweli, bado hujajua kama kilicho mezani ni kitu kimoja au vipande vya vitu vitatu vilivyokutanishwa wiki iliyopita.

Sababu ni hali ya hewa ya huku kwetu. Chuma cha Sheffield kikipakwa mafuta kidogo kinapita karne bila taabu. Ngozi na pamba haziwezi. Trans Nzoia ina mvua ndefu na baridi ya mlimani, Bungoma ina unyevu unaopanda hadi darini, na kote kuwili kuna panya, ukungu na mchwa. Singe nyingi zilizokaa majumbani tangu wakati wa ukoloni zimepoteza kibebeo chake cha mkandani, ambacho wakusanyaji hukiita frogi, na ala nyingi zimebaki na vyuma viwili vya mwisho tu, mdomo na ncha, ngozi ya katikati ikiwa imeliwa. Singe tupu ina bei ndogo. Singe yenye ala na frogi ina bei mara mbili au tatu. Hapo ndipo dalali anapoanza kukamilisha kilichopungua, na simwiti mwizi kila mara. Wengine wanapenda tu kuona kitu kizima.

Kabla ya kushika kitu chochote, jiulize kimefikaje hapo. Kitale na Bungoma zimetenganishwa na safari fupi ya matatu, lakini njia ambazo vifaa vya kijeshi viliingilia humo si moja. Walowezi wa kwanza wa Kizungu walifika Kitale mwaka 1908. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia ardhi wanajeshi wa Uingereza waliotoka vitani, na Trans Nzoia ilipata sehemu yake. Reli ilifika 1926. Watu hao walikuja na masanduku yao ya bati, na ndani mlikuwa na kumbukumbu za Ufaransa, Palestina na vita vya Tanganyika. Uhuru ulipofika na mashamba kuuzwa, vyombo vya nyumba vilitawanyika: vingine mnadani, vingine kwa mpishi, vingine kwa nyapara. Kwa hiyo singe ya Kitale mara nyingi ni singe ya nyumbani kwa mzungu. Inaweza kuwa ya Kituruki, ya Kijerumani, hata ya Kifaransa, isiwe na uhusiano wowote na askari wa Kenya, na bado ikawa halali kabisa.

Bungoma ni habari nyingine. Huku hadithi huanza na babu aliyekuwa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, au aliyechukuliwa Kariakor kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Mpagazi wa Kariakor hakupewa bunduki, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuchomeka singe. Akiwa nayo, aliiokota au aliinunua baadaye. Askari wa Keya alikuwa nayo, tena katika Vita vya Pili vijana wengi wa magharibi walifika nayo Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944. Lakini silaha ilihesabiwa. Aliyemaliza utumishi aliirudisha, na kupoteza silaha lilikuwa kosa la kumfikisha mtu mbele ya afande. Sisemi hakuna aliyerudi na singe. Nasema familia ikikwambia hivyo, uliza kwa heshima ilitokaje kambini. Mara nyingi utasikia jibu linalovutia kuliko lile la kwanza: ilikuwa ya mlinzi wa kijiji wakati wa Hali ya Hatari, ilinunuliwa kwa mlowezi aliyekuwa akihama, ilipatikana kwenye shimo la takataka la kambi.

Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijikusanya katika ngome hiyo iliyo kwenye vilima vya Webuye, wakapambana na msafara wa Waingereza wa Charles William Hobley uliokuwa na askari Wasudani, na wakashindwa kwa silaha za kisasa. Ni tukio zito kwa watu wa Bungoma, na kila kitu cha chuma chenye kutu kinataka kuhusishwa nalo. Muuza vyuma chakavu mmoja kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye alinitolea singe ndefu kutoka kwenye rundo la springi za magari.

"Mzee, hii ni ya Chetambe. Mwenyewe aliniambia babu yake alimnyang'anya mzungu."

"Hapa karibu na mpini pameandikwa nini, kijana wangu?"

Akafuta kwa mate, akasogeza jicho. "Elfu moja mia tisa na saba."

"Na Chetambe ilipigwa lini?"

Akacheka. "Basi, mzee, leta bei yako."

Kama ingekuwa ya Chetambe, ningetarajia kitu tofauti kabisa: singe ya bunduki ya Martini-Henry, isiyo na mpini wa mbao, yenye bomba fupi la kuvishwa kwenye mtutu na bapa la pande tatu lenye urefu wa zaidi ya nusu mita. Kitu cha namna hiyo ni adimu mno, nasi tutakirudia tukifika kwenye sheria.

Hiyo 1907 nayo inawapoteza wengi. Si mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka wa muundo. Singe ya muundo wa 1907 iliingia jeshini mwanzoni mwa 1908, ikatumiwa na bunduki fupi ya Lee-Enfield, na ikaendelea kufuliwa hadi miaka ya 1940 katika Uingereza, India na Australia. Bapa lake lina urefu wa sentimita 43. Tarehe yenyewe iko chini ya jina la muundo: tarakimu ya mwezi na mbili za mwaka, kwa mfano 5 na 17, yaani Mei 1917, pamoja na jina la mtengenezaji kama Wilkinson, Sanderson au Chapman. Upande wa pili utaona mshale mpana wa serikali unaofanana na unyayo wa kuku, mihuri midogo ya wakaguzi yenye taji, na herufi X inayoonyesha kwamba bapa lilikunjwa kwa majaribio likarudi sawa. Singe za mwanzo zilikuwa na ndoana kwenye kikingio cha mkono, ikaondolewa mwaka 1913. Zenye ndoana zina bei kubwa, kwa hiyo wapo wanaoichomelea upya. Pitisha ukucha kwenye maungio. Tundu la kutolea uchafu kwenye kichwa cha mpini liliongezwa 1916, na singe za zamani zaidi nyingi zilitobolewa baadaye karakana. Hayo yatakutosha kuhusu bapa.

Ala ya muundo huo ni ya ngozi, ina mdomo wa chuma na ncha ya chuma. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, uone kama inashika. Kisha tazama ndani ya mdomo kwa tochi ya simu: utaona vibati viwili vyembamba vya springi vilivyopigwa ribiti. Kazi yake ni kubana bapa. Ingiza singe, geuza ala kichwa chini juu ya kitu laini, na singe isianguke. Ikianguka, huenda springi zimechoka, jambo la kawaida kwa kitu cha miaka mia. Lakini zisipokuwapo kabisa, wala hakuna matundu ya ribiti zilizong'oka, una ala iliyotengenezwa na mtu asiyejua springi hizo ni za nini.

Halafu mshono. Ala ya ngozi ina mshono mmoja mrefu mgongoni, na huo ndio ukurasa ninaousoma polepole kuliko yote. Ngozi ya zamani ilitiwa dawa ya magome ya miti. Ikizeeka inakuwa ngumu, inapasuka kufuata mshono, na kwenye mipasuko inatoa unga mwekundu unaobaki kidoleni. Nakala mpya, nyingi zikitoka India, zina ngozi laini inayonukia rangi ya viatu, na ukiichuna kidogo kwenye ukingo wa ndani utaona rangi ya kijivu au bluu ya dawa za kisasa za kiwandani. Uzi wa zamani ni wa kitani uliopakwa nta. Umezama ndani ya mfereji wake na umebadilika rangi pamoja na ngozi. Uzi unaong'aa juu ya ngozi nyeusi ulifika jana.

Mihuri ya ala iko karibu na mdomo, imegandamizwa kwenye ngozi. Herufi HGR ni za Hepburn, Gale na Ross wa London, na hufuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Neno MANGROVITE ni la kiwanda cha Sydney kilichotengeneza ala za Vita vya Pili. Tukiwa Australia, nitaje kwamba vibao vya mpini vilivyopigwa muhuri wa SLAZ vilitoka Slazenger, watengenezaji wa raketi za tenisi. Usishtuke ukikuta bapa la 1917 ndani ya ala ya 1942. Jeshi lenyewe lilikuwa likibadilisha ala zilizochakaa, na mchanganyiko huo unaweza kuwa ulifanywa na fundi wa stoo aliyekuwa akitimiza wajibu wake. Kinachonitia shaka ni kinyume chake: bapa la 1942 katika ala ya 1917 iliyo safi. Ala haiwezi kumsubiri mwenzake miaka ishirini na mitano bila mkwaruzo.

Kuna mtego mmoja wa Kimarekani. Marekani ilitengeneza singe inayokaribiana sana na ya 1907, ya muundo wa 1917, ambayo vibao vyake vya mpini vina mifereji miwili ya kukata upana. Ala yake ni ya ngozi ya kijani na ina kulabu ya kuning'inizia, na singe ya Kiingereza huingia humo vizuri kabisa. Muuzaji atakuambia, "Si unaona inakaa?" Inakaa, ndiyo.

Kuhusu zilizofupishwa, ala ndiyo shahidi mkuu. Huko India, wakati wa Vita vya Pili, singe ndefu zilikatwa rasmi hadi kama sentimita 30, na nyingine mpya zikafuliwa kwa kipimo hicho, na ala zake zikafupishwa vilevile. Huku kwetu nazo zilikatwa, na mwenye shamba aliyetaka kisu cha kuchinjia au cha kukata majani ya ng'ombe. Ukipata bapa fupi katika ala fupi yenye ncha iliyorudishwa kwa ufundi, fikiria India. Ukipata bapa fupi linalogongagonga ndani ya ala ndefu, lilikatwa baada ya kuacha jeshi.

Sasa frogi. Kabla ya vita vya 1914 jeshi la Uingereza lilikuwa limehamia kwenye mikanda ya pamba iliyofumwa nene, ya muundo wa 1908, iliyotengenezwa na Mills, na herufi zake ni M.E.Co. Vita vilipoanza viwanda vikaelemewa, ikabidi warudie ngozi, ndipo ukatoka muundo wa 1914. Baadaye ukaja wa 1937, wa pamba tena, ndio utakaouona mara nyingi Kenya. Mihuri yake ni ya wino, na wino hufifia. Iangalie kwa kuinamisha kitambaa kwenye mwanga wa pembeni. Mshale ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, ndani ya C ni wa Kanada.

Muhuri unaweza kuchapwa upya. Doa haliigiki kirahisi. Kwenye mdomo wa ala kuna kifungo cha chuma kinachopenya tundu la frogi ili ala isiteleze. Vikikaa pamoja miaka hamsini, kifungo hutanua tundu, huacha pete ya kutu kwenye pamba, na kingo za mdomo wa ala huchora kivuli chao ndani ya frogi. Visha ala frogi, weka alama kichwani mahali doa lilipo, ivue, uivishe tena. Doa likiwa sentimita mbili juu ya kifungo, hawa wawili hawajawahi kuishi pamoja.

Jaribio jingine linahitaji tochi ya zambarau, ile ambayo wenye maduka na mawakala wa M-Pesa hukagulia noti. Kemikali za kuvifanya vitambaa vionekane vyeupe zilienea viwandani baada ya Vita vya Pili, na chini ya mwanga huo zinawaka samawati. Uzi unaowaka hivyo kwenye frogi inayodaiwa kuwa ya 1915 umejishtaki. Tahadhari ni moja: sabuni za unga za siku hizi zina kemikali hizohizo, kwa hiyo frogi halisi iliyofuliwa na mke wa mwenye nyumba mwaka jana nayo itawaka, lakini itawaka yote, kitambaa na uzi pamoja. Ukibaki na wasiwasi, omba ruhusa ya kuchoma ncha ya uzi uliokwisha kulegea. Pamba na kitani huacha majivu na harufu ya karatasi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuwa kitone kigumu, nazo zilibuniwa miaka ya 1930 na 1940.

Singe fupi za bunduki ya Lee-Enfield namba 4 ni rahisi zaidi. Ni msumari wa sentimita 20 usio na mpini, na ala yake ni bomba la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Za mwanzo, zenye msumari wa pembe nne, zilitoka kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, hao hao wa cherehani zilizojaa kwenye veranda za maduka ya Bungoma. Wakulima wamezitumia kutoboa magunia, ndiyo maana ncha nyingi zimepinda. Bomba likiwa na rangi inayong'aa bila kubanduka mdomoni, mahali chuma kinaposuguana na chuma, limepakwa juzi. Ya namba 5 ina bapa la kisu na pete pana ya mtutu, na ilionekana sana Kenya katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960.

Kwa zile za Kijerumani nitakuwa mfupi, kwa kuwa Bungoma hazipatikani ila kwa bahati. Askari wengi wa Kijerumani wa Afrika Mashariki walianza vita vya 1914 na bunduki za muundo wa 1871 zilizotoa moshi mzito, na singe yake ilikuwa na mpini wa shaba nyeupe ulioyeyushwa kipande kimoja. Sumaku haiushiki. Wajerumani pia walifunga kishada cha nyuzi za rangi kwenye frogi, kiitwacho trodeli, na rangi zilionyesha kombania ya mwenye nacho. Vishada vipya vinauzwa kwa wingi Ulaya. Kishada chenye rangi kali juu ya ala iliyooza kinanifanya nirudishe pochi mfukoni.

Kuna vifaa ambavyo vitabu vya Ulaya havivitaji, na kwangu ndivyo bora. Nimeona singe ya 1907 katika ala ya ngozi ya mbuzi iliyoshonwa kwa mkono, manyoya yakiwa ndani. Nimeona mdomo wa ala ya jeshi umeunganishwa na ngozi mpya kwa waya wa shaba ya simu, na frogi iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mkusanyaji wa kawaida huvua hivyo na kuagiza nakala safi mtandaoni. Kwa maoni yangu huo ni uharibifu. Ala ya mbuzi inasema singe hiyo ilifanya kazi Kimilili au Kiminini baada ya vita, mikononi mwa mtu aliyeihitaji. Frogi ya kuagizwa haisemi chochote ila anwani ya muuzaji. Ukikuta kiraka, kiache. Ukishindwa kuvumilia pengo, liache pengo.

Kwa hiyo pia usisafishe. Msasa, sufu ya chuma, limau na soda vimefuta mihuri mingi kuliko kutu. Bapa lipake mafuta mepesi kwa kitambaa. Ngozi usiipake mafuta ya kupikia wala oili chafu. Ipanguse vumbi kwa brashi laini na uiweke penye hewa. Na bapa lisihifadhiwe ndani ya ala: ngozi huvuta unyevu, na ile dawa ya magome hula chuma.

Kisha andika. Mlowezi wa Kitale, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni hadi kufa kwake mwaka 1966, akaliachia taifa mkusanyo wake, na kutokana nao Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa Desemba 1974, ya kwanza nje ya pwani na Nairobi. Wanaokusanya wadudu hawachezi na kibandiko. Kipepeo asiye na mahali na tarehe hana kazi kwa mtaalamu. Fanya vivyo hivyo na singe: uliipata wapi, kwa nani, lini, alikuambia nini, na mawazo yako yawe kwenye mstari wake peke yake yasichanganyike na maneno ya mwenye kitu.

Mwisho ni sheria. Singe za jeshi la sasa, za SLR na G3, ziache ziliko. Ni mali ya serikali. Hata ya 1907 usitembee nayo hadharani, maana afisa wa polisi hatasubiri somo la mihuri. Na ikiwa siku moja kweli utaletewa ile singe ya pande tatu kutoka vilima vya Webuye, kumbuka kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Hakitoki nchini bila kibali, na aliyefukua kitu cha kiakiolojia ana siku saba za kuyaarifu Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa alipokipata. Mwambie aliyekuletea akuonyeshe shimo kabla halijafukiwa, lipige picha, na mwende pamoja Kitale.